Kompyuta ya nyumbani inafungua matangazo yenyewe? Fanya haya kabla ya kupiga Windows upya

Unafungua Chrome uangalie matokeo ya NECTA, inakuja tovuti ya kutafutia usiyoijua. Unafunga tangazo moja la kamari, yanaruka mawili. Pembeni ya skrini linatokea onyo kwamba kompyuta ina virusi na upige namba fulani haraka.

Ukiona hivyo, ujue brauza yako imetekwa na programu ya matangazo. Programu hiyo hubadilisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia ili kila unapobonyeza, mwenye nayo aingize pesa.

Kwa nini usiipuuze

Nyumba nyingi, iwe Ujiji, Mwanga au Gungu, kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi. Mtoto anaombea mkopo wa HESLB, baba anafungua barua pepe ya mteja wa dagaa, dada anachapa fomu. Brauza ikitekwa, unachotafuta kinapita mikononi mwa mtu mwingine, na yeye ndiye anayeamua tovuti ipi ikae juu. Anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa mkopo wa bandia ukajaza namba ya NIDA na nywila zako. Na matangazo yote hayo yanakula bando lako.

Inaingiaje?

Mara nyingi tunaifungulia mlango wenyewe. Unapakua programu ya bure ya video, unabonyeza "Next, Next" bila kusoma, na nyingine inaingia humo humo. Njia nyingine ni programu zilizovunjwa leseni, zile za "crack" zinazozunguka kwenye flashi. Pia kuna tovuti zinazokwambia ubonyeze "Allow" ndipo uone filamu.

Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kugundua Fireball, programu iliyohusishwa na kampuni ya Rafotech ya Beijing. Ilisafiri ndani ya programu za bure na kubadilisha mtambo wa kutafutia. Check Point ilikadiria kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani. Microsoft ilisema makadirio hayo yamezidi. Njia ya kuingia ilikuwa ile ile ya "Next, Next".

Hatua za kuiondoa

Hatua hizi ni za Windows na Chrome. Edge na Firefox zinafanana, majina ya vitufe ndiyo hutofautiana kidogo. Fuata mpangilio huu, usiruke, maana programu hizi hujificha sehemu zaidi ya moja. Ukiacha moja, zinarudi.

1. Usiguse tangazo wala kupiga namba inayoonyeshwa. Ukurasa ukigoma kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Chrome, kisha "End task". Ukiifungua tena, usikubali irudishe kurasa za mwanzo.

2. Zima taarifa za tovuti. Nenda "Settings", "Privacy and security", "Site settings", kisha "Notifications". Ondoa kila tovuti usiyoijua. Wakati mwingine tatizo lote lilikuwa hapa tu.

3. Ondoa programu ngeni. Kwenye "Settings" za Windows fungua "Apps", kisha orodha ya programu zilizopo. Zipange kwa tarehe. Angalia zilizoingia siku matangazo yalipoanza na uondoe zile ambazo hukuziweka. Jina usilolielewa liulizie kwanza, usije ukafuta programu ya printa.

4. Safisha viendelezi. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani. Ondoa usichokitumia, hata kama kinajiita kisaidizi cha PDF au cha kutafuta.

5. Kagua alama ya Chrome kwenye skrini. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", utazame mstari wa "Target". Ukikuta anwani ya tovuti imefuata baada ya chrome.exe, ifute anwani hiyo peke yake.

6. Rudisha Chrome kwenye hali ya mwanzo. Ndani ya "Settings" tafuta "Reset settings". Hatua hii huzima viendelezi na kufuta vidakuzi, kwa hiyo utaingia upya kwenye akaunti zako. Alamisho, historia na nywila ulizohifadhi hazifutiki.

7. Pitisha kisafishaji. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na ni ndogo, haimalizi bando. Andika mwenyewe anwani ya malwarebytes.com, usiitafute kwa brauza iliyotekwa. Unaweza pia kuipakua kwa simu na kuihamisha kwa waya wa USB. Ukimaliza, zima na uwashe kompyuta.

Ikirudi tena

Angalia mambo mawili. La kwanza, menyu ya Chrome ikiandika "Managed by your organization" wakati kompyuta ni yako ya nyumbani, kuna amri imepandikizwa ndani ya Windows. Andika chrome://policy uione, kisha mwonyeshe fundi aifute. La pili, kama umeingia kwa akaunti ya Google, kiendelezi kibaya kinaweza kurudi kutoka kompyuta nyingine unayotumia, kwa mfano ya steshenari au ya ofisini. Kiondoe na huko.

Badilisha nywila kwa kutumia simu

Usisubiri. Anza na barua pepe, maana ndiyo hutumika kufungulia akaunti nyingine, kisha HESLB na akaunti za malipo. Tovuti za taasisi za serikali huishia na .go.tz, hakikisha herufi hizo ziko mwisho kabisa wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza. Namba ya simu ya tapeli wa hapa nchini iripoti kwa kuituma kwenda 15040. Kama pesa imeshaondoka, nenda polisi na picha za skrini.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Kupiga Windows upya kuwe hatua ya mwisho. Kwanza nakili picha na kazi zako kwenye flashi, bila kubeba faili za kusakinishia programu. Mwambie fundi hutaki "crack" yoyote, la sivyo unaweza kurudi nyumbani na tatizo lile lile. Kama bado unatumia Windows 10, ujue Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11.