Mfereji Ambao Dallas Haikuupata

Sisi tuliolelewa pwani tukihamia Plano huuliza kwanza: bahari iko wapi? Jibu ni Galveston, mwendo wa karibu saa tano kwa gari. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja wakubwa wa Dallas walitaka kuileta bahari mlangoni mwao, kwa kuufanya Mto Trinity kuwa mfereji wa meli.

Mwaka 1868 stima iitwayo Job Boat No. 1 iliwasili Dallas kutoka Galveston. Safari ilichukua mwaka mzima na siku kadhaa, maana magogo yaliuziba mto. Mwaka 1872 reli ikafika Dallas na Plano. Hata hivyo wafanyabiashara walilalamikia nauli za mizigo, wakaendelea kuutazama mto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali kuu ilianza kujenga vizuizi vyenye milango ya maji, ili kuyapandisha na kuyashusha matishari. Kazi iliachwa njiani. Houston wao walifanikiwa: mfereji wao wa meli ulifunguliwa rasmi tarehe 10 Novemba 1914, na bandari yao ni miongoni mwa kubwa Marekani. Mwaka 1965 Bunge la Marekani liliidhinisha mfereji wa Trinity, lakini mwaka 1973 wananchi waliopigiwa kodi ya mradi huo walikwenda kwenye kura, wakasema hapana.

Kilichobaki kipo McCommas Bluff, kusini mwa Dallas: kuta kuukuu za zege kando ya mto. Hilo ndilo jumba la makumbusho ya mfereji wetu. Halina paa, tiketi wala mlinzi.

Wazanzibari wanalielewa jambo hili. Darajani leo ni soko na pirikapirika. Zamani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza maji yale yalifukiwa. Daraja halipo, jina limebaki, na mtoto akiuliza kwa nini, huanza kusimuliwa historia.

Zile kuta za Trinity hazina hata jina la kumfanya mtoto aulize. Basi mwenye watoto awapeleke mwenyewe, awaoneshe, awaeleze. Vijito vya Plano navyo humiminika Trinity, na Trinity huishia Ghuba ya Galveston. Meli hazikuja, lakini maji yetu huenda baharini kila siku.