Majina na Nasaba: Watu Mashuhuri katika Mtihani wa Uraia wa Marekani

Jioni moja, katika sebule ya nyumba ya kupanga huko Alief, kusini-magharibi mwa mji wa Houston, jimboni Texas, nilimkuta kijana wa shule akimdurusisha nyanya yake maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani. Nyanya huyo alizaliwa Uvira, na kabla ya kuvushwa bahari aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kijana alishika karatasi zilizokunjika pembe kwa kufunuliwa kila siku, na nyanya alikuwa akichambua majani ya sombe katika ungo.

"Nyanya, Baba wa Taifa ni nani?"

"Nyerere," akajibu, wala mikono yake haikusita.

"Siyo huyo, Nyanya. Wa huku."

"Wa huku yupi tena? Mtu ana baba wangapi?"

Waliokuwapo walicheka, nami nikacheka. Walakini swali lile la mwisho lilinifuata hadi nyumbani, maana ndani yake mlikuwa na hoja ambayo waandishi wa vijitabu vya mtihani hawajaijibu. Lakabu ya Baba wa Taifa, kwa msemaji wa Kiswahili, si nyumba tupu inayongoja mpangaji: Tanzania imekwisha kumweka humo Nyerere, na Kenya imemweka Kenyatta. Anayemwambia mama mzee kwamba mwenye lakabu hiyo ni George Washington hamfundishi jina jipya tu, bali anamtaka aingie katika ukoo mwingine. Na ukoo, kama ajuavyo kila mtu wa pwani na wa bara, haujulikani kwa kuhesabu majina. Hujulikana kwa nasaba, yaani kwa kujua huyu anamgusa yule wapi. Madai ya makala haya ni kwamba mtihani hutoa majina bila nasaba, na kwamba kazi ya mwalimu anayesomesha kwa Kiswahili ni kuitafuta nasaba hiyo na kuikabidhi kwa mwanafunzi, la sivyo majina yatasahauliwa siku ya pili baada ya kiapo.

Kwanza na tuutazame mtihani wenyewe. Kwa miaka mingi tangu 2008 mwombaji alidurusu maswali 100, akaulizwa yasiyozidi 10, na kufaulu kwake kulikuwa kujibu 6. Waliopeleka maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanadurusu maswali 128, wanaulizwa mpaka 20, na sharti wapate 12. Aghalabu maswali hujibiwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, aliyetimiza umri wa miaka 50 na kukaa na kadi ya kijani miaka 20, au miaka 55 na kukaa nayo miaka 15, ameruhusiwa kujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Na aliyefika miaka 65 akiwa amekaa miaka 20 amepunguziwa maswali ya kudurusu yakawa 20 tu. Basi wapo wazee ambao siku ya intavyuu, kama wanavyoiita wenyewe, watawataja Washington, Jefferson na Lincoln kwa Kiswahili fasaha mbele ya afisa wa serikali. Kwao tafsiri si msaada wa njiani. Ndiyo mtihani wenyewe.

Wako wanaoulaumu mtihani huu kwa kuwa ni wa kukariri. Lawama hiyo siikubali yote, kwani sisi tuliopitia chuoni tunajua kwamba hifdhi ni mlango wa elimu wala si adui yake: mtoto huhifadhi juzuu akiwa hajui maana ya neno moja, kisha miaka hupita na sherehe ya mwalimu, yaani ufafanuzi wake, humfungulia alichokwisha kukibeba kifuani. Kasoro ya mtihani si hifdhi, bali ni kukosa sherehe. Jefferson aliandika Tangazo la Uhuru, swali limekwisha. Na katika orodha iyo hiyo huulizwa ni watu gani waliochukuliwa wakaletwa Marekani na kuuzwa utumwani, na jibu ni Waafrika. Majibu haya mawili yamekaa kama majirani wasiosalimiana, hali Jefferson aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa aliwamiliki watumwa zaidi ya 600 katika uhai wake.

Nasaba ninayoisema haitafutwi mbali. Benjamin Franklin, ambaye mtihani unamtaja kuwa mkuu wa kwanza wa posta wa Marekani, aliteuliwa katika kazi hiyo mwaka 1775. Na Alief yenyewe, ambayo masikioni mwa aliyesoma chuoni husikika kama herufi ya kwanza ya alifu na be, ilipewa jina la Alief Ozelda Magee, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa posta ya hapo. Mwanafunzi akilijua hilo hatamsahau Franklin tena, maana mtaa anaokaa una jina la mtumishi wa posta kama Franklin.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Abraham Lincoln. Jibu la mtihani ni kwamba aliwaacha huru watumwa. Jibu hilo ni sahihi, na afisa ataridhika. Walakini mkazi wa Alief akishika njia ya kusini-mashariki mwendo wa kilomita 100 hivi, atafika kisiwa cha Galveston, na huko jibu hilo linapata ufa. Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, wala halikuhusu ila majimbo yaliyoasi; na Texas, iliyokuwa mojawapo, haikuitii amri ya mtu iliyekuwa ikipigana naye. Ilikuwa tarehe 19 Juni 1865, Lincoln akiwa amekwisha kuuawa, ndipo Jenerali Gordon Granger alipotangaza Galveston kwamba watumwa ni huru, na tangazo lilo hilo likawashauri wabaki kwa utulivu mahali walipo wafanye kazi kwa ujira. Mwezi wa Desemba mwaka huo ndipo Badiliko la 13 la Katiba lilipoukomesha utumwa nchini kote. Siku ile ya Juni ilifanywa sikukuu ya Texas kwa jitihada za Al Edwards, mbunge wa Houston, na mwaka 2021 ikawa sikukuu ya taifa zima.

Je, mwenye taarikhi ya Uswahilini ashangazwe na hayo? Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia mkono mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe ukaendelea. Mwaka 1897 Sayyid Hamoud alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria, lakini aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, wengi wakabaki katika mashamba yale yale ya mikarafuu, na masuria waliachwa nje ya amri hata mwaka 1909. Kwa kiyasi hiki msomaji wa Kiswahili anakifahamu kwa wepesi kile ambacho karatasi za mtihani zimekinyamazia: kwamba baina ya amri na uhuru mna njia ndefu, na kwamba waliotembea njia hiyo, wasiotajwa kwa majina, nao ni watu mashuhuri.

Wapo pia wenye majina ambao orodha imewapita. Mtihani huyataja maneno matatu ya kwanza ya Katiba, ambayo kwa Kiswahili ni Sisi Wananchi. Mtu aliyeyatolea sherehe bora alizaliwa Houston mwaka 1936, naye ni Barbara Jordan. Tarehe 25 Julai 1974, katika kamati ya Bunge iliyokuwa ikipima mashtaka ya Rais Nixon, alisema kwamba Katiba ilipokamilika mwaka 1787 yeye hakuwamo katika Sisi hiyo, na kwamba kwa miaka mingi alidhani Washington na Hamilton walimsahau kwa makosa tu. Kisha akaeleza kwamba kwa marekebisho, tafsiri na hukumu za mahakama amekwisha kuingizwa. Tazama: majina mawili ya mtihani katika kauli moja, wala si kwa kusifiwa wala kwa kutukanwa, bali kwa kudaiwa haki. Hivyo ndivyo mtu anavyosema na jamaa zake. Kiti cha Jordan kilirithiwa na Mickey Leland, aliyefariki tarehe 7 Agosti 1989 ndege yake ilipoanguka milimani Ethiopia, akiwa njiani kwenda kambi ya wakimbizi ya Fugnido. Uwanja mkubwa wa ndege wa Houston umelipa jengo la abiria wa kimataifa jina lake. Na wakimbizi wangapi wamepita chini ya jina hilo na mifuko yao mikononi, pasipo kuambiwa kwamba mwenye jina alikufa akiwafuata watu kama wao!

Yamkini mtu atapinga akisema kwamba mfanya kazi wa zamu ya usiku hana wasaa wa taarikhi yote hii, na kwamba afisa hataki ila jibu fupi. Ni kweli, afisa apewe jibu fupi. Lakini mzigo uliofungwa kamba hubebeka kuliko ule uliotawanyika, na jina lililofungwa kwa jambo analolijua mwanafunzi halimtoki kichwani hata akiwa amechoka.

Nilirudi katika sebule ile baada ya wiki kadhaa. Kijana alikuwa amekwisha kumsimulia nyanya yake kwamba Washington, alipomaliza vipindi viwili vya urais, aliacha madaraka kwa hiari mwaka 1797 akarudi shambani kwake. Na nyanya, ambaye hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba Mwalimu Nyerere naye alitoka Ikulu kwa hiari mwaka 1985 na kurudi Butiama, alikuwa amelipima jambo hilo kwa mizani yake mwenyewe. Kijana akamwuliza tena Baba wa Taifa ni nani.

"Wa huku ni Washington," akasema. "Alitangulia kuzaliwa, naye aliacha kiti bila kusukumwa. Huyo ni baba mkubwa."