Kaa, Msiba na Pigo: Wanawake wa Ulaya na Chanzo cha Saratani ya Matiti

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni kaa, yule mnyama wa majini. Wayunani na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huo kaa. Ndiyo asili ya kansa. Galeni, tabibu wa karne ya 2, alifananisha mishipa iliyovimba kandokando ya uvimbe wa titi na miguu ya kaa. Chanzo chake, alifundisha, ni nyongo nyeusi, majimaji yaleyale yaliyosadikiwa kuleta huzuni.

Mafundisho hayo yalitawala Ulaya kwa zaidi ya miaka 1000. Kwa hiyo, mwanamke wa Uingereza wa karne ya 18 aliyesema kuwa titi lake limeugua kwa sababu ya msiba hakubuni hadithi. Alirudia elimu ya matabibu wenyewe, iliyokwisha kuingia majumbani. Kuiita imani yake ujinga wa kike ni kumwonea.

Sababu nyingine iliyotajwa sana ni pigo: kuanguka, kugongwa na kiwiko, teke la mtoto mchanga. Hapa kuna jambo la kufikiriwa. Mwanamke aliyegongwa hulishika titi, na hapo huugundua uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Kilichokuja kwanza mbele ya macho yake huonekana kuwa ndicho chanzo. Kosa hilo laeleweka, lakini hatari yake ni kubwa, maana anayedhani ana jeraha hungoja lipone, na miezi hupita.

Mtaliano Bernardino Ramazzini, katika toleo la 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliandika kuwa watawa waliugua saratani ya matiti kuliko wanawake wengine, akataja useja wao. Ilibidi kungoja hadi 1926, huko Uingereza, ndipo daktari Janet Lane-Claypon alipolinganisha wanawake wapatao 500 wenye ugonjwa huo na wengine wapatao 500 wasio nao, akiwauliza habari za ndoa, uzazi na unyonyeshaji. Wagonjwa walikuwa wamechelewa zaidi kuolewa, tena wamezaa watoto wachache zaidi. Msiba na pigo havijapata ushahidi thabiti wa namna hiyo hata leo, ijapokuwa wagonjwa wengi wangali wakivitaja.