Dansi na Wenye Maradhi ya Kutetemeka

Mwaka 1942, katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, Marekani, Marian Chace, mwalimu wa dansi, alianza kucheza pamoja na wagonjwa wa akili ambao maneno yalikuwa yamewashinda, na kazi hiyo ikapata hadhi ya tiba hata 1966, ilipoasisiwa jumuiya ya matabibu wa dansi nchini humo, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza.

Wenye maradhi ya Parkinson, yaani ya kutetemeka, ambao wengi wao ni wazee, nao walifunguliwa mlango wa kucheza mwaka 2001 na kikundi cha dansi cha Mark Morris huko Brooklyn. Na hapo, jambo ninalolistahi kuliko yote, hawaitwi wagonjwa bali wachezaji. Huanza wameketi vitini, wakinyoosha mikono taratibu kwa mahadhi ya piano inayopigwa papo hapo, kisha wawezao husimama wakishika upau wa mbao, na hatimaye huvuka ukumbi kwa hatua ndefu, miguu ile ile iliyozoea kuganda ghafla kizingitini. Kwani mdundo utokao nje humpatia mtu ishara ya kwenda ambayo ubongo, kwa kupungukiwa na kemikali ya dopamini, hauitoi tena kwa wepesi.