Watoto wakishaondoka nyumbani: Mwongozo wa likizo ya visiwani kwa wazazi wa Taita Taveta

WAZAZI wengi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta hukaa zaidi ya miaka 20 wakipima kila shilingi kwa karo ya shule. Kitinda mimba anapopata kazi Nairobi, Mombasa au katika nchi za Ghuba, nyumba hubaki na watu wawili, na kwa mara ya kwanza kalenda ya shule huwa haiwahusu tena.

Hali hii huwakuta wengi wakikaribia kustaafu. Tangu umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, si ajabu mwalimu au karani kutoka kazini nyumba ikiwa tayari kimya. Hapo ndipo mume na mke hugundua kwamba kwa muda mrefu mazungumzo yao yalikuwa ya watoto tu. Safari ya siku chache huweza kuwapa nafasi ya kuzoeana upya. Hata hivyo, ikipangwa vibaya huweza kumeza akiba ya uzeeni na kuwarudisha nyumbani wakiwa na deni na manung'uniko.

Bahari iko takriban kilomita 150 kutoka Voi. Lakini wapo wengi ambao huiona Mombasa, nayo ni kisiwa, wakati wa kumpeleka mgonjwa, kuhudhuria mazishi au kununua bidhaa tu.

Kisiwa kipi?

Kilicho rahisi kufikika kwa safari ya kwanza ni Wasini, kusini mwa Kaunti ya Kwale. Treni ya Madaraka Express ya vituo vya kati, iliyoanza mwaka wa 2017, husimama Voi na Miasenyi na kuwafikisha abiria Miritini. Kutoka hapo, barabara ya Dongo Kundu humwezesha msafiri kuingia Pwani Kusini bila kuvuka kwa feri ya Likoni. Safari huendelea hadi Shimoni, ambako mashua huvuka mlango mwembamba wa bahari. Wasini hakuna magari. Wageni huenda huko kutazama pomboo na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, na kutembea kwenye daraja la mbao linalotunzwa na akina mama wa kijiji. Kisiwa hicho hakina mito wala visima vya maji matamu vya kutegemewa, na wenyeji hukinga maji ya mvua. Kwa hivyo mgeni abebe maji yake ya kunywa.

Lamu inawafaa wanaopenda historia. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na punda wangali wanabeba mizigo katika vichochoro vyake. Barabara kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha msafiri hupanda mashua. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka wa 2014, suala la usalama halipuuzwi. Kwa miaka kadhaa mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi katika baadhi ya sehemu. Inafaa kusafiri mchana na kuuliza hali ilivyo kabla ya kukata tikiti. Wenye uwezo hupanda ndege hadi uwanja wa Manda.

Unguja ndiyo safari ndefu zaidi, ingawa mlango wake uko ndani ya kaunti. Kutoka Voi barabara hupita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, na ng'ambo ya mpaka ni Holili, kisha Moshi na Dar es Salaam, ambako boti za mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Mkenya hahitaji viza, lakini abebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Aidha, tangu Oktoba 1, 2024, Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi kuwa na bima ya usafiri inayotolewa na shirika lake la bima. Raia wa Afrika Mashariki waulize kiwango kinachowahusu kabla ya kuondoka.

Majira ya bahari na ya shamba

Mkulima wa Taita huishi kwa kalenda mbili akisafiri pwani. Katika sehemu za chini za kaunti, mvua ya vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Kupanda hufanywa Oktoba na Novemba, na mavuno huja karibu na Februari. Baharini, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kwa kawaida huacha maji yakiwa matulivu. Masika hunyesha kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Kusi hufuata, na mawimbi yake huwa makali hasa Juni hadi Agosti.

Kwa hesabu hiyo, vipindi viwili hufaa. Cha kwanza ni baada ya mavuno na kabla ya masika. Cha pili ni Septemba, wakati wa demani, kusi ikiwa imepungua na jembe bado halijaitwa. Wakati wa masika vyumba hupatikana kwa bei nafuu, lakini baadhi ya hoteli hufungwa na safari za mashua huahirishwa mara kwa mara.

Mwezi wa Ramadhani nao uzingatiwe, kwani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka wa 2027 unatarajiwa kuanza mapema Februari. Lamu na Unguja mikahawa mingi hufungwa mchana katika mwezi huo, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji. Wakati wowote ule, mavazi ya heshima ni sehemu ya adabu ya visiwa hivi.

Afya na usalama majini

Wazee wanaotumia dawa za shinikizo la damu au kisukari wazibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa za siku zaidi ya zile za safari. Wakazi wa vilima vya Wundanyi na Mgange, ambako baridi hupunguza mbu, wasidhani mwili wao umezoea malaria. Wamwone daktari mapema na walale ndani ya chandarua.

Magoti nayo yana neno. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na kupanda au kushuka mashuani huweza kulazimu kutembea majini. Ni vyema kumuuliza nahodha saa za maji kujaa, na kuvaa viatu vinavyozuia makali ya matumbawe.

Historia ya eneo hili haimruhusu msafiri kupuuza chombo kilichojaa kupita kiasi. Feri ya Mtongwe ilizama Mombasa mwaka wa 1994 na kuua zaidi ya watu 270. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ikiwa hakuna jaketi za kujiokoa za kutosha, au bahari imechafuka, kubaki ufuoni si woga.

Fedha na nyumba

Sehemu ya mafao ya kustaafu inayolipwa kwa mkupuo huonekana nyingi siku ya kwanza. Njia salama ni kuweka akiba ya safari pembeni, katika chama au sacco, mwaka mmoja kabla, bila kugusa mafao wala kukopa. Bajeti iwe na mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na mashua pamoja na ada za hifadhi. Fungu la tano ni la dharura, nalo liwatosheleze wote wawili kurudi nyumbani. Wanaovuka Holili wabadilishe fedha benki au katika maduka yaliyosajiliwa, si kwa wachuuzi wa barabarani.

Nyumbani nako kuachwe na mtu wa kuaminika. Mbuga za Tsavo huchukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, na ndovu hawangoji mwenye shamba arudi. Anayekaa nyumbani awe na nambari ya simu ya kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kilicho karibu, na jirani ajulishwe siku za kuondoka na kurejea.

La mwisho ni makubaliano. Mmoja huenda akataka kulala ufuoni, mwenzake atake kuzunguka ngome na misikiti ya kale. Inafaa kila mmoja ataje mambo mawili asiyotaka kuyakosa, na watoto waarifiwe mapema ili wasitume wajukuu wiki hiyo. Wanaosita waanze na siku tatu Wasini. Wakirudi wakiwa na hamu ya kuzungumza, Unguja itawangoja.