Jamaa ya Katanga na Maneno Yake

Katika Kiswahili cha mwambao neno jamaa halina uzito mkubwa. Jamaa ni ndugu, ni mtu wa ukoo, na mara nyingine ni mtu yeyote tu ambaye msemaji hana haja ya kumtaja kwa jina. Lakini katika miji ya migodi ya Katanga, tangu miaka ya 1950, neno hilo hilo lilikuwa jina la watu waliojaribu kuishi dini ya Kikatoliki kwa namna isiyopata kuandikwa katika katekisimu yoyote. Kisa chao chafaa kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha si pungufu kuliko wanafunzi wa dini, maana ugomvi uliozuka mwishoni ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya maana ya maneno na juu ya nani mwenye haki ya kuyafasiri.

Kwanza yapasa kuitazama nchi yenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ishirini ya kwanza ilitegemea vibarua waliokuja na kuondoka. Vijana wengi walikufa kwa maradhi, wengi wakatoroka. Katika miaka ya 1926 hadi 1928 kampuni iligeuza mashauri yake. Ilianza kuajiri watu kwa mikataba mirefu zaidi, ikawajengea nyumba kambini, ikawaruhusu na hata kuwahimiza kuja na wake zao, ikatoa posho, zahanati na shule, na shule hizo zikatiwa mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki. Watu walitoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na sehemu za Katanga yenyewe. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimekwisha kufika huko na misafara ya biashara ya karne ya 19, ndicho kilichowaunganisha kazini, kisha sokoni, kisha nyumbani, hata watoto waliozaliwa kambini wakakinyonya pamoja na maziwa.

Basi mtu wa kambini alikuwa na nyumba, mshahara na shule ya watoto, lakini vyote vilikuwa vya mwajiri. Alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, na padre aliyemfungisha ndoa alikuwa, machoni pake, jirani wa karibu mno wa bwana wa mgodi. Mgomo wa Elisabethville wa Desemba 1941, ulioishia kwa askari kuwapiga risasi wafanya kazi, ulionyesha wazi jinsi utulivu ule ulivyokuwa mwembamba. Wazee wa ukoo walikuwa mbali. Mke hakuwa na shamba wala dada wa kusaidiana naye. Watu wawili walikaa katika vyumba vya matofali, wakijulikana kwa namba ya kazi ya mume, na hapana aliyewaambia ni nini hasa kilichowafanya kuwa watu wa nyumba moja.

Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933. Anajulikana zaidi kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka kwa Kifaransa huko Elisabethville mwaka 1945 na kuchapishwa tena Paris mwaka 1949. Wataalamu wamekijadili kitabu hicho mpaka kimechakaa, na wengi wamekikosoa kwa haki, kwa sababu kinawasemea watu ambao hawakuulizwa. Lililo muhimu hapa ni jingine. Tempels mwenyewe alieleza baadaye, katika kijitabu cha mwaka 1962, kwamba kwa miaka kumi ya kwanza aliishi kama mzungu na kama padre mwenye amri, akifundisha bila kusikiliza. Kisha akaanza kuwauliza watu wanataka nini maishani. Majibu aliyoyapata yalirudia mambo matatu: kuishi kikamilifu, kuzaa, na kuwa pamoja na wengine. Wakubwa wa Kanisa hawakupendezwa na mawazo yake, na kati ya 1946 na 1949 alikaa Ubelgiji pasipo hiari yake. Aliporudi, alipata kazi kati ya wafanya kazi wa migodi wa Kolwezi, na huko, kuanzia mwaka 1953, wachache waliomzunguka wakaanza kujiita Jamaa.

Mambo yale matatu waliyapa majina ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Yafaa kusimama kidogo juu ya kila moja. Uzima kwa Mswahili wa pwani ni afya, lakini ni ukamilifu pia. Mtu mzima si mtu asiye mgonjwa tu, ni aliyefikia kipimo cha utu, na kitu kizima ni kitu ambacho hakikuvunjika. Neno la Kilatini au la Kifaransa linalotafsiriwa kwa uzima halina ndani yake maana hiyo ya kutovunjika, na kwa mtu aliyeng'olewa kwao akatiwa kambini maana hiyo ndiyo iliyokuwa na ladha. Uzazi ni neno la ukunga na la ukoo. Wafuasi wa Jamaa walilitumia kwa maana ya kuzaana kiroho: mume na mke waliokwisha kupita njia za mafundisho waliwazaa mume na mke wengine, nao wakawa baba na mama zao. Hivyo ukoo uliokosekana kambini ulipatikana tena, safari hii bila kuuliza mtu ni wa kabila gani. Mapendo, kwa kiambishi ma- badala ya upendo wa vitabu vya sanifu, ni umbo linalopendwa sana Kongo, nalo lina picha ya wingi, ya jambo linalotendwa mara kwa mara baina ya watu. Mtu hana mapendo peke yake.

Neno la nne, ambalo mgeni hulipita bila kuliona, ni mawazo. Pwani mawazo ni fikira zinazopita kichwani, na mara nyingi ni wasiwasi. Katika mafundisho ya Jamaa mawazo ni jambo lililokuwapo kwa Mungu kabla ya ulimwengu, nalo humfanya mtu kuwa mtu. Hata ndoto zilichunguzwa kama njia ambayo mawazo hayo huonekana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 haikuweza kujua maana hiyo, kwani ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini makamusi yaliyofuata nayo hayakujali, maana Kiswahili cha Katanga kilihesabiwa kuwa Kiswahili kibovu, chenye ba- mahali pa wa- na upatanisho wa sentensi uliolegea. Hilo ni kosa la wataalamu, wala si la lugha. Johannes Fabian, aliyetoa kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971, alifanya kazi ambayo vyuo vya pwani vilipaswa kuifanya kabla yake: aliyasikiliza mafundisho hayo katika lugha yake yenyewe, akayanasa, akayaandika neno kwa neno.

Mambo mengine ya Jamaa hayahitaji maelezo marefu. Walikuwa watu wa Misa na wa sakramenti, hawakuanzisha kanisa lao, na kwa muda mrefu mapadre kadhaa wa Kongo na wa Ulaya waliingia miongoni mwao wakijifunza kwa baba na mama waliokuwa wafanya kazi wa mgodi. Hilo la mwisho si jambo dogo. Padre akiwa mwana wa kiroho wa fundi wa mitambo ni jambo ambalo katika Kongo ya kikoloni lisingeweza kutamkwa hadharani.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulileta maandiko ambayo kama yangesomwa Kolwezi yangeonekana kama habari za nyumbani. Hati juu ya Kanisa ya Novemba 1964 iliifananisha familia na kanisa la nyumbani, na ile juu ya Kanisa katika ulimwengu wa siku hizi, ya Desemba 1965, ilianza kwa kuzitaja furaha na matumaini ya watu kuwa ni za Kanisa lenyewe. Walakini wakati hati hizo zikitoka, Tempels alikuwa amekwisha kurudi Ubelgiji mwaka 1962 kwa sababu ya ugonjwa, na hakurudi tena Kongo. Jamaa ilikuwa imeenea nje ya Kolwezi hadi miji mingine ya Katanga na hadi Kasai, na kila mahali ilipofika maneno yake yaliendelea kuzaa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ikiwa baba na mama wanaweza kuwazaa wengine, je, wanahitaji idhini ya askofu? Ikiwa umoja wa Kristo na Mama yake ndio mfano wa umoja wa kiroho kati ya padre na mama wa Jamaa, mpaka uko wapi? Vikundi vingine, vilivyojulikana kwa jina la Katete, vilidaiwa kuyachukua maneno ya uzazi na mapendo kwa maana ya mwili. Wafuasi wengi waliapa kwamba hawakuhusika na hayo, na yaelekea walisema kweli. Lakini njia za mafundisho zilikuwa za siri, na siri haina utetezi mbele ya mashtaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wa sehemu hizo walitoa makatazo, na baadhi ya watu waliokataa kuiacha Jamaa wakatengwa na sakramenti. Kwa mtu ambaye Jamaa ilikuwa ndiyo njia yake ya kuipenda Misa, adhabu hiyo ilikuwa kali kuliko walioitoa walivyoweza kupima. Aliambiwa achague kati ya baba aliyemzaa na altare aliyoelekezwa na baba huyo.

Ni vigumu kuwalaumu maaskofu kwa kutaka kujua kinachofundishwa gizani. Ni vigumu pia kutoona kwamba waliyahukumu maneno ya Kiswahili kwa kuyatafsiri kwanza kwa Kifaransa, ambapo uzazi huwa ni jambo la mwili tu na mapendo huwa ni jambo la moyo tu. Katika miaka hiyo hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976, walikuwa wakipanga kuziunda jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo majirani wangekutana nyumbani, wakaisoma Injili na kusaidiana katika shida. Jumuiya na jamaa ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kukusanya. La kwanza lilitoka mezani pa maaskofu likashuka mitaani. La pili lilitoka kambini.

Tempels alifariki Ubelgiji mwaka 1977. Wakati huo Katanga iliitwa Shaba, Union Minière ilikuwa imekwisha kuwa Gécamines, na Kolwezi ilikuwa karibu kuingia vitani mwaka uliofuata. Mafundisho yaliyonaswa na Fabian yamehifadhiwa, na mtu anayejua Kiswahili cha pwani akiyasoma leo husumbuka kwa kurasa mbili tatu, mpaka sikio lake lizoee ba- na ma-. Kisha humsikia mfanya kazi wa mgodi akimweleza mwenzake, polepole, kwa maswali na majibu, maana ya kuwa mtu mzima.