Taya la Somerset liligunduliwa na nani?

Sisi waandishi wa habari tuna tabia ya kuandika "wanasayansi wamegundua". Wanasayansi gani hao? Mara nyingi aliyegundua ni mtu wa kawaida mwenye mabuti na ndoo, ambaye Jumatatu anarudi kazini kwake.

Chukua taya la Somerset, Uingereza. Mei 2016 Paul de la Salle, mkusanyaji wa visukuku kwa mapenzi tu, alikuwa ufukweni Lilstock akaona kitu alichodhani ni jiwe. Alipolitazama vizuri akaona mfereji na muundo wa mfupa. Hakuuficha. Akawasiliana na wataalamu Dean Lomax na Judy Massare, kisha akarudi na kuokota vipande vingine. Vilipounganishwa vikatoa mfupa wa sentimita 96, na bado haukuwa mzima! Ni sehemu ya taya la chini la ikthiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo kama la pomboo.

Walijuaje ukubwa wake? Kwa kulinganisha tu. Walisafiri hadi Kanada kuangalia mifupa ya Shonisaurus, mnyama wa mita 21. Mfupa wa Lilstock ulimzidi kwa kama asilimia 25.

Hapo mambo ya zamani yakaanza kutikisika. Kule Aust, Gloucestershire, tangu 1850 ilikuwa imeokotwa mifupa minene iliyoaminiwa kuwa ya miguu ya dinosaria au watambaazi wengine wa nchi kavu. Mwaka 2018 Lomax na wenzake wakasema baadhi yake ni vipande vya mataya ya ikthiosauri wakubwa. Hebu fikiria: zaidi ya karne moja na nusu watu wanaita taya mguu!

Lakini mfupa mmoja uliovunjika hautoshi kumpa mnyama jina. Ikabidi kusubiri hadi Mei 2020, pale Justin Reynolds na binti yake Ruby, wakati huo ana miaka 11, walipookota vipande vikubwa vya mfupa pwani ya Blue Anchor, Somerset hiyohiyo. Wao wenyewe wakatambua kwamba unafanana na ule ulioelezwa 2018, wakamwandikia Lomax.

Mimi hapa nilitegemea ugomvi. Nani wa kwanza, nani mwenye mali? Badala yake de la Salle akaenda kuchimba tope pamoja nao. Kipande cha mwisho kilipatikana Oktoba 2022. Taya hili la pili lilikuwa kamili zaidi, na mfupa wake ulikadiriwa kuzidi mita mbili ulipokuwa mzima.

Aprili 2024 mnyama akapata jina: Ichthyotitan severnensis. Aliishi miaka milioni 202 iliyopita, urefu wake unakadiriwa kuwa mita 25, karibu sawa na nyangumi wa buluu. Marcello Perillo alichunguza mfupa kwa hadubini, ikaonekana mnyama alipokufa alikuwa bado anakua.

Sasa angalia orodha ya waandishi wa makala ile ya kisayansi. Lomax wa kwanza, de la Salle wa pili. Justin Reynolds yumo. Na Ruby naye yumo, jina kamili, akiwa na miaka 15.